Maji ya Paa la Chuo, na Jirani wa Bondeni

Waraka wa Papa Fransisko, Laudato Si', ulitolewa mwaka 2015, na tangu Novemba 2021 vyuo na shule ni miongoni mwa walioalikwa kwenye mpango wa miaka saba wa kuutekeleza. Vyuo vingi vya Kikatoliki hukimbilia kupanda miti. Miti ni mizuri. Lakini kwa chuo kilichoko Kabeza, wilayani Kicukiro, karibu na uwanja wa ndege wa Kigali, mimi ningeanzia juu ya bati.

Kigali hupata mvua ya takriban milimita 1,000 kwa mwaka. Milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa, hiyo ni lita moja ya maji. Tuchukue chuo chenye paa la mita za mraba 600: kwa mwaka linapokea lita 600,000, na hata tukiondoa sehemu moja ya tano inayopotea, zinabaki lita 480,000. Hesabu hiyo inavutia, ndiyo maana wengi hununua tangi la lita 10,000, wakaliunganisha na gata, wakaona kazi imekwisha.

Haijaisha. Alasiri moja ya Aprili zinaweza kunyesha milimita 40. Paa letu litamwaga lita 24,000. Tangi likiwa tupu litapokea chini ya nusu. Likiwa limejaa tangu juzi, halitapokea hata ndoo moja. Maji yanayobaki yanatoka langoni yakiwa na nguvu, yanachimba udongo mwekundu wa kando ya njia, yanaingia ruhurura, ile mifereji mikubwa ya mjini, na kupita nyuma ya nyumba za watu wa chini. Hatimaye yanafika Nyabarongo, kisha Akagera, hadi Ziwa Victoria, yakiwa yamebeba udongo wa kilima. Mei 2023 mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Kabeza si Rubavu, wilaya ya magharibi iliyokumbwa na maafa hayo, lakini mteremko ni mteremko.

Wasimamizi wengi hulitunza tangi lijae kwa ajili ya kiangazi. Nawaelewa, ila hesabu inawakatalia. Wanafunzi 200 wakitumia lita 20 kila mmoja kwa vyoo na usafi, tangi hilo linaisha kwa siku mbili na nusu, na kiangazi cha Juni hadi Agosti ni siku zaidi ya 90. Faida yake kubwa iko masika: maji yatumike kila siku, vyooni, kufulia, kudekia, ili mvua inayofuata ikute nafasi. Bomba la mjini lipumzike miezi hiyo.

Maji yanayofurika nayo yatengenezewe njia. Chimba shimo la kunyonya maji, ulijaze mawe, mbali na msingi wa jengo na mbali kabisa na shimo la choo. Penye mteremko mkali sana usichimbe: udongo ukilowa ndani unaweza kuporomoka, na hapo mhandisi aitwe kwanza. Kwingineko, makinga maji yanayofuata mlalo wa kilima, yakipandwa nyasi zenye mizizi mirefu kama vetiva, hupunguza kasi ya maji na kuzuia udongo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, majirani hujitokeza na majembe kuzibua mitaro. Sehemu ya udongo wanaouzoa imetoka kwenye viwanja vya juu yao, na chuo kinachohubiri upendo kwa jirani kinapaswa kuona uchungu kuwaongezea mzigo huo.

Kabla ya kununua tangi la pili au kuchimba shimo, chuo kipime mvua. Inatosha kopo lenye pande zilizonyooka, rula na daftari, na mwanafunzi wa zamu asome kina cha maji kila asubuhi, aandike pia tangi lilikuwa na nafasi kiasi gani kabla ya mvua. Misimu miwili ya mvua ikipita, mhasibu na fundi watakuwa na takwimu za paa lao wenyewe za kuamulia ukubwa wa tangi na wa shimo.