MBWA MWENYE HOFU NA SAFARI YA MOTOKAA

Mbwa aliye mpole nyumbani aweza kubadilika kabisa akipakiwa katika motokaa. Akiona baiskeli au mbwa mwenziwe njiani, hubweka, hurukaruka na kukwaruza vioo, hata dereva asiweze kuangalia barabara. Wengi huona heri kumwacha nyumbani. Lakini mbwa asiyepakika huenda akakosa sindano ya kuzuia kichaa cha mbwa, na ugonjwa huo, dalili zake zikiisha kuonekana kwa mtu, karibu kila mara humwua. Kwa hiyo jambo hili si la mchezo.

Kwanza yatupasa kuelewa sababu. Watu husema mbwa huyo ni mjeuri. Mara nyingi si ujeuri bali ni hofu. Mbwa akiogopa kitu, hukaa mbali nacho. Ndani ya motokaa hana pa kukimbilia, basi hubweka. Tena, kwa kuwa motokaa inakwenda, ile baiskeli hupita na kutoweka, naye ni kama aliyeifukuza kwa sauti yake. Hivyo kila safari humfundisha kubweka zaidi. Ukimpiga, waongeza hofu tu, maana baiskeli ikitokea atajua kwamba fimbo nayo yaja.

Dawa yake ni kumzoeza kidogo kidogo. Ivan Pavlov, mtaalamu wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kupata ishara fulani kabla ya chakula hatimaye hudondoka mate kwa ishara ile peke yake. Nasi twaweza kufanya vivyo hivyo: kile kinachomtisha kiwe ishara ya kitu kizuri.

Basi usingoje asubuhi ya kwenda kwa daktari wa wanyama ndipo umpakie mara ya kwanza. Anza majuma kadhaa mbele. Motokaa ikiwa imesimama na milango wazi, mpe ndani yake vipande vya nyama vidogo kama punje ya hindi, kisha mwache atoke. Akizoea, funga mlango kwa dakika moja. Siku nyingine washa injini bila kuondoka. Baadaye zunguka karibu na nyumba, urudi. Safari nyingine ziishie mahali anapopapenda, asije akadhani kila safari mwisho wake ni sindano.

Halafu simamisha motokaa mbali na barabara, mahali aonapo baiskeli zikipita bila kushtuka. Mara aionapo, kabla hajabweka, mpe nyama. Siku zifuatazo sogea karibu kidogo. Akikataa nyama aipendayo, au mwili ukikakamaa, ujue umekaribia mno, rudi nyuma.

Siku ya safari, usimlishe sana kabla ya kuondoka, maana mbwa wengine hutapika. Mtie katika sanduku imara lenye matundu ya hewa, lifungwe lisiteleze. Akitulia zaidi asipoona njia, lifunike kwa kitambaa chepesi upande mmoja, hewa ipite. Usimfunge kwa kamba ya shingo nyuma ya pikapu iliyo wazi. Akiruka aweza kujinyonga. Wala usimwache ndani ya motokaa iliyofungwa juani. Hata nje kukiwa na joto la kadiri, ndani hupanda upesi hata likamwua. Dawa za binadamu usimpe kamwe. Mbwa akizidi kuhangaika, mwulize daktari wa wanyama.

Lakini angalia sana jambo moja. Mbwa aliyekuwa mtulivu, akibadilika ghafula, akang'ata ovyo, akatoka mate na kushindwa kumeza, huyo si wa kufundishwa wala kupakiwa. Usimguse. Watu na wakae mbali, na ofisi ya mifugo ipewe habari mara moja. Mtu akiumwa na mbwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo.

Mbwa mwenye hofu hafundishiki kwa siku moja. Lakini anayeanza leo kwa vipande vichache vya nyama, siku ya sindano itakapofika atampakia mbwa wake bila kelele, na dereva atatazama njia.