Kontena ya Programu na Mstari Usiofungua Mlango

Wengi hudhani kontena ya programu ni kompyuta ndogo iliyofichwa ndani ya seva. Sivyo. Ni programu ya kawaida inayotumia kiini kilekile cha seva, ila imetengewa mafaili na mtandao wake. Docker, chombo kilichoieneza, kilitangazwa mwaka 2013.

Kontena hizi zimeshaingia katika matibabu. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, husambazwa pia kwa Docker. KenyaEMR, iliyoenea katika vituo vya afya nchini Kenya, imejengwa juu ya mfumo huo.

Sasa tazama amri ya EXPOSE katika faili la maelekezo ya kujenga kontena. Anayeandika EXPOSE 8080 hafungui chochote. Anamwarifu tu mwendeshaji kwamba programu inasikiliza kwenye mlango huo wa mtandao (port). Mlango hufunguliwa na anayewasha kontena. Programu ikihamia 8081 na mstari huo ukaachwa, Docker hailalamiki.

Kontena ya MySQL, mfumo wa hifadhidata, ni ya ajabu zaidi. Nywila inayowekwa kupitia MYSQL_ROOT_PASSWORD hufanya kazi pale tu saraka ya data ikiwa bado tupu. Ukiibadilisha baadaye, kontena huwaka bila kosa lolote, na nywila ya zamani inabaki palepale! Maelezo rasmi yanasema hivyo, lakini anayenakili mfano bila kusoma ataamini ameziba tundu ambalo bado liko wazi.

Tujifunze kwa chai: viwanda vya Kericho na Bomet haviachi gunia litoke bila jina la kiwanda, gredi kama BP1 au PF1, na uzito. Mnunuzi wa mnada wa Mombasa huonja sampuli tu. Shehena yenyewe huijua kwa maandishi. Kontena inastahili nidhamu hiyo: ielezwe kama ni ya majaribio au ya wagonjwa halisi, data inakaa wapi, na nani anaitunza. Amri ikibadilika, maelezo yabadilike siku hiyohiyo. Kulipia seva na mafunzo, kisha kuacha maelezo yachakae mradi unapokwisha, ni ubadhirifu.



Anayetunza kontena ya hospitali aiwashe leo kwenye kompyuta mpya, akifuata maelezo yaliyoandikwa pekee. Kila atakapokwama, hapo ndipo pa kuandika upya.