Pete ya Ukuta wa Pua: Mzazi Ajue Nini Kabla ya Kujibu

Kutoga pua si jambo geni mwambaoni. Bibi zetu walivaa kipini, na kamusi za Kiswahili zimehifadhi majina ya hazama na kishaufu, mapambo ya puani ambayo mabinti wengi wa leo hawayajui. Kilicho kipya kwao ni pete inayopitishwa katika ukuta unaotenganisha tundu mbili za pua. Binti huomba ruhusa, mama hukataa kwa ghadhabu bila ya maelezo, kisha binti hutogwa kwa siri bwenini, kwa sindano ya kushonea iliyokwishapita kwa wenzake. Hapo ndipo ilipo hatari, na ndiyo sababu ya kulizungumza jambo hili waziwazi.

Wanavyuoni wametofautiana kuhusu kutoga pua. Wako waliozuia, na wako walioruhusu kwa mwanamke pale ambapo ni pambo linalojulikana katika ada ya watu wake. Basi familia na imuulize sheikh inayemwamini, na binti aelezwe jibu pamoja na sababu yake.

Familia ikiridhia, jambo la kwanza ni mahali pa kutoga. Karibu na ncha ya pua, chini ya gegedu, pana sehemu nyembamba na laini. Mtogaji mjuzi huipapasa kwanza, kisha hupitisha sindano hapo bila ya kuligusa gegedu. Sindano iwe mpya, ifunguliwe kutoka pakiti yake mbele ya macho yenu, kwani iliyotumika inaweza kuambukiza homa ya ini na virusi vya Ukimwi. Pete ya kwanza iwe ya titani ya kitabibu, au ya dhahabu halisi ya karati 14 au zaidi isiyo na nikeli. Mwenye kisukari, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, amwone daktari kabla.

Kidonda huchukua kwa kawaida miezi miwili hadi mitatu kupona, na kwa wengine zaidi. Muda wote huo, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kuigusa pete. Mara mbili kwa siku, kidonda kisafishwe kwa maji ya chumvi yanayouzwa katika maduka ya dawa kwa kuoshea vidonda. Spiriti, mafuta na marhamu visitiwe. Pete isizungushwe wala isitolewe mapema, kwani tundu changa huziba upesi. Kuogelea baharini nako kungoje mpaka kidonda kifunge.

Vipi kuhusu udhu? Katika madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu mwambaoni, kupandisha maji puani ni sunna, si faradhi. Kwa hiyo kidonda kikiwa kibichi na ikahofiwa kuwa maji yatakidhuru, udhu husihi bila ya kupandisha maji, na uso huoshwa kama kawaida.

Maumivu kidogo, uvimbe mdogo na ukoko mweupe katika siku za mwanzo si ajabu. Lakini uvimbe unaozidi ndani ya pua hata ukaziba tundu zote mbili, usaha, homa, au wekundu unaotambaa usoni, ni mambo ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo. Damu au usaha ukijikusanya katika ukuta wa pua, gegedu hukosa lishe na kufa, na mgongo wa pua unaweza kudidimia daima. Pete iachwe mahali pake mpaka daktari aamue.

Binti aliyetogwa kwa siri huficha hata maumivu yake, na kila siku anayoficha humkaribisha na madhara hayo. Akina mama, hata jibu lenu likiwa ni la, liwe jibu ambalo halitamfanya binti aogope kurudi kwenu akiwa na pua iliyovimba. Allah atuhifadhie watoto wetu. Amin.