Haya Isiwe Sababu ya Maangamizi

Haya ni pambo la Muumini, na Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha ya kuwa ni sehemu ya imani. Lakini haya imfanyayo mtu afiche jeraha hata aharibikiwe na mwili wake, hiyo siyo iliyosifiwa. Twawaambia haya vijana wetu wa Singida na wazazi wao, kwa kuwa majeraha ya uume hufichwa kuliko mengine yote, na kumbe kila saa ina thamani.

Huyaleta kuanguka kwa baiskeli au pikipiki, teke la ng'ombe, au kisu cha tohara mkononi mwa asiye na ujuzi. Hutokea pia katika ndoa, uume uliosimama ukipindwa ghafula: husikika mlio kama wa kijiti kuvunjika, ukalegea papo hapo, kisha ukavimba na kuvilia damu. Hamna mfupa humo. Kilichopasuka ni utando mgumu ushikao damu ndani. Daktari huushona kwa upasuaji. Ukicheleweshwa, waweza kupona umepinda au umepungukiwa nguvu.

Damu ikitoka katika tundu la mkojo, au mkojo ukizuilika, huenda njia yake imepasuka. Hapo mpira wa mkojo hausukumwi kwa nguvu. Kwanza hupigwa eksirei baada ya kutiwa dawa ionyeshayo njia. Ikibidi, mkojo hutolewa kwa tundu dogo chini ya kitovu.

Nyumbani, kidonda kikandamizwe kwa kitambaa safi, bila majivu wala samadi, viwezavyo kuleta pepopunda. Kipande kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe katika mfuko uliofungwa vyema, na mfuko uwekwe juu ya barafu. Barafu yenyewe isikiguse. Kutoka Itigi au Mkalama hata Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Singida ni mwendo mrefu. Basi mgonjwa asingoje kupambazuke.

Wala asiogope kumfunulia tabibu uchi wake. Wanavyuoni wameruhusu jambo hilo kwa dharura, kwa kadiri ya haja tu. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kutafuta dawa, na Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuuliza mambo ya dini yao.

Enyi akina baba, waelezeni wana wenu mambo haya kabla hayajawafika, wajue kuwa wakiumia watasikilizwa, hawatachekwa. Mwenyezi Mungu atuhifadhi sote. Amin.