Alama za Wafanyabiashara katika Sarafu Kongwe za Fedha

Neno "sarafu" limetokana na mzizi wa Kiarabu unaohusu kubadilisha fedha. Asili hiyo yatukumbusha kazi ya wabadili fedha wa India na China, ambao waliipima sarafu, kisha wakaigonga alama ndogo kuthibitisha kwamba ni fedha halisi.

Serikali ya kikoloni ilipofungua vituo vya Embu (1906) na Meru (1908), fedha iliyotumika ilikuwa rupia ya India, yenye uzito wa gramu 11.66. Ilitumika hadi 1920, ilipofuatwa na florini, kisha shilingi.

Je, alama huipunguzia rupia mvuto? Mkusanyaji apendaye uso safi huiona kuwa kovu, naye hutoa bei ndogo. Mwenzake apendaye historia huisoma kama sahihi ya aliyeikagua. Hata hivyo, tundu la kuvalia kidani si alama ya biashara. Lina historia yake.

Basi anayerithi rupia asiisugue wala kuichonga. Alama ikifutika, sarafu haiwi mpya, hubaki bubu.