Makaratasi Yaliyopanda Ndege

Paukwa! Pakawa! Leo, wajukuu zangu, sungura na fisi wapumzike. Nina hadithi ya makaratasi, tena ya kweli, na inaanzia mahali ambapo huenda mmoja wenu amewahi kusimama.

Katikati ya Nairobi, kwenye Barabara ya Moi, kuna jengo ambalo zamani lilikuwa benki. Watu huahidiana kukutana mbele yake. Husimama pale wakitazama saa, wenzao wakifika huenda zao. Ndani ya jengo hilo zimo Nyaraka za Taifa la Kenya: majalada, rafu kwa rafu.

Jalada ni nini? Ni makaratasi ya jambo moja yaliyofungwa pamoja: barua na majibu yake, orodha ya majina, ripoti ya polisi, pengine hesabu tu ya magunia ya mahindi. Serikali haiwezi kufanya kazi bila kuandika. Ikimkamata mtu, inaandika. Ikimhamisha kutoka kambi hii hadi ile, inaandika. Kwa hiyo anayefungua jalada la zamani huona amri ilivyotembea, kutoka kwa gavana hadi kwa askari mwenye rungu.

Sasa turudi nyuma, Kenya ilipokuwa koloni la Uingereza. Walowezi wa Kizungu walikuwa wamechukua ardhi nzuri ya nyanda za juu, na wenyeji wakabaki vibarua kwenye mashamba yaliyokuwa ya babu zao. Wengine wakala kiapo, wakaingia msituni kupigana. Walijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru, nasi tunawajua zaidi kwa jina la Mau Mau. Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari, na haikuondolewa hadi Januari 1960. Katika miaka hiyo zaidi ya watu 1,000 walinyongwa, na makumi ya maelfu walifungiwa kambini bila kufikishwa mahakamani. Humo kambini wengi walipigwa na kuteswa ili wakikane kiapo chao.

Yote hayo yaliandikwa. Basi uhuru ulipokaribia, wakubwa wakaingiwa na hofu: tutamwachia nani majalada haya? Mwaka 1961, waziri wa makoloni Iain Macleod akatoa maagizo kwamba karatasi yoyote inayoweza kuiaibisha serikali ya Uingereza isikabidhiwe kwa serikali mpya. Majalada yakagawanywa mafungu mawili. Moja la kuwarithisha Waafrika, jingine la siri, lenye alama ya herufi W. Fungu la siri liliruhusiwa kushikwa na maafisa wenye asili ya Ulaya peke yao.

Angalieni walivyokuwa waangalifu. Jalada la siri likitolewa kati ya mengine, liliwekwa la bandia mahali pake ili pengo lisionekane. Ya kuchomwa yaliteketezwa mpaka yawe majivu, na majivu yenyewe yakaamriwa yavurugwe, lisibaki hata neno moja la kusomeka. Ikishindikana kuchoma, yangeweza kutiwa kwenye makasha yenye uzito na kuzamishwa baharini, mbali na pwani, kwenye kina kirefu kisicho na mkondo. Mengine yalisalimika kwa sababu Waingereza waliyataka wenyewe. Mwezi Desemba 1963, siku chache kabla ya bendera ya Kenya kupandishwa, makasha manne yalipakiwa kwenye ndege Nairobi yakaenda Uingereza.

Kenya ikayaomba. Miaka ikapita. Makaratasi yakakaa kimya.

Hadi mwaka 2009. Wazee watano wa Kenya, wanaume watatu na wanawake wawili, walikwenda kuishtaki serikali ya Uingereza katika mahakama kuu ya London kwa mateso ya miaka ile. Hawakuwa na jalada mkononi. Walikuwa na makovu na kumbukumbu. Serikali hiyo ikajibu kwamba mzigo wa kujibu mateso hayo ulirithiwa na Kenya siku ya uhuru. Lakini wanahistoria walisimama upande wa wazee, na mmoja wao, David Anderson, alijua kwamba kuna makaratasi yaliyoondolewa Nairobi. Akaieleza mahakama. Serikali ikadaiwa: yako wapi?

Mwaka 2011 yakapatikana. Yalikuwa Hanslope Park, jumba la serikali lililozungushiwa ua, kaskazini ya London. Ya Kenya yalikuwa majalada kama 1,500 ndani ya masanduku 300. Tena hayakuwa peke yake. Kulikuwa na majalada yapatayo 8,800 kutoka makoloni 37 ya zamani. Ndani ya yale ya Kenya mlikuwa na barua za wakubwa waliojua kwamba watu wanapigwa kambini, na waliojadiliana jinsi ya kuihalalisha fimbo.

Wahenga walisema, siri ya mtungi muulize kata. Kata ndiyo iliyoingia ndani. Kwa nusu karne wazee walisimulia, wakaambiwa hawana ushahidi. Sasa kata ya wakubwa wenyewe ilikuwa imezungumza. Tarehe 6 Juni 2013, waziri William Hague alisimama bungeni London akakiri kwamba Wakenya waliteswa, akaeleza majuto ya serikali yake, na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228, maana nyuma ya wale watano walikuwapo wengine wengi. Angalau mmoja kati ya wale watano alikuwa ameshafariki, hakuyasikia maneno hayo.

Kwa nini nawaambia haya? Kwa sababu nataka mshike jambo moja. Makaratasi yale yalikaa kwenye masanduku miaka karibu 50, wala hayakumsaidia mtu. Yalisema pale tu watu wazima wenye magongo mikononi walipothubutu kuuliza. Na maneno ya wazee peke yake yalikuwa yamepuuzwa mpaka karatasi ilipoyashuhudia. Jalada humhitaji muulizaji, na muulizaji hulihitaji jalada.

Kwa hiyo, siku mkiahidiana kukutana mbele ya lile jengo la Barabara ya Moi, msiishie kutazama saa. Ingieni mkaulize.