Moto haumalizi mfupa

Wengi huamini kwamba moto mkali ukishapita juu ya mwili, hakibaki kitu isipokuwa majivu. Si kweli. Hata kwenye tanuri la kuchomea maiti, ambako joto hufika nyuzi 800 hadi 1,000 kwa saa moja na nusu au mbili, kinachotoka ni vipande vya mifupa. Yale tunayoyaita majivu, ambayo familia hukabidhiwa kwenye chombo, ni mifupa hiyo ikiwa imesagwa na mashine. Mwaka 2004 watafiti wa jimbo la Tennessee, Marekani, walichapisha uzito wake: kwa wanaume wastani ni kama kilo 3.4, kwa wanawake kama kilo 2.3.

Mimi ni mtaalamu wa uchunguzi wa jinai, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikisoma mifupa iliyoungua. Nikiitaja kazi hii mezani, nusu ya watu husukuma sahani na nusu huvuta kiti karibu. Leo nawaandikia wagonjwa na wazazi kwa sababu mbili. Mfupa ulioungua unafundisha vizuri jinsi mfupa mzima ulivyo. Na msiba wa moto unapotokea, kinachomrudishia marehemu jina lake mara nyingi ni karatasi aliyopewa hospitalini akiwa hai.

Miaka ya kuchoma bila kula

Huwezi kuujua mfupa ulioungua bila kuuchoma mwenyewe. Mwaka 1984 watafiti watatu wa Marekani, Pat Shipman, Giraud Foster na Margaret Schoeninger, walichapisha utafiti ambao sote tuliufuata. Walipasha moto mifupa na meno ya mbuzi na kondoo hatua kwa hatua hadi nyuzi 940, wakaandika rangi, umbo na ukubwa wake katika kila hatua. Nilipousoma nikajua nimepata fani yangu. Huko kwetu Tanga kuchoma mbuzi ni ujuzi wa kila mtu, ila hakuna aliyewahi kulipwa kwa kupima mfupa baada ya nyama kuisha.

Nilipokwenda Uingereza kusoma, nikakuta maabara nyingi zinatumia nguruwe, kwa sababu ngozi na mafuta yake yanakaribia ya binadamu. Nikampigia mama simu kumweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, umevuka bahari kwenda kusomea kuchoma kitimoto?" Nikamjibu, "Mama, sili, nachoma tu." Mpaka leo wajomba zangu wakiniona kwenye shughuli huuliza kama nimekuja kula au kupima.

Harufu ilikuwa mtihani mwingine. Tanuri likiwaka, wanafunzi wa ghorofa ya juu walishuka wakiuliza chakula kiko wapi, na walipoonyeshwa walipanda haraka kuliko walivyoshuka. Nyumbani nilikaa na kadi za rangi, moja baada ya nyingine, nikizilinganisha na vipande vya mifupa. Mume wangu alidhani nachagua rangi ya sebule. Aliponisikia nikisema "huu kijivu umekaa vizuri", alikwenda kununua kopo.

Rangi zinasema nini

Rangi ndiyo lugha ya kwanza ya mfupa ulioungua. Kwanza hugeuka kahawia. Kwenye nyuzi 300 na kitu huwa mweusi, kwa sababu protini iliyomo ndani inageuka mkaa. Kuanzia kama 500 huwa wa kijivu, mara nyingine wenye ubuluu. Ukipita 700 na kuendelea huanza kuwa mweupe kama chaki: protini yote imekwisha na yamebaki madini matupu. Muda na hewa vina mchango wake pia, kwa hiyo hatusomi rangi kama tunavyosoma kipimajoto.

Mfupa mmoja unaweza kubeba rangi zote. Fikiria hindi la kuchoma la kando ya barabara: upande mmoja mweusi, upande wa pili bado wa njano. Ndivyo tunavyojua mwili ulilala upande gani, na ni sehemu gani iliyokingwa na godoro, sakafu au misuli minene ya paja.

Jambo la pili ni kusinyaa. Chini ya nyuzi 800 mfupa hupungua kidogo tu. Ukizidi hapo unaweza kupungua kwa asilimia 10, na wakati mwingine zaidi sana. Mfupa wa mwanamume ukishasinyaa waweza kudhaniwa wa mwanamke, ndiyo maana hatukubali kuharakishwa.

Na tumejifunza kutoziamini sana sheria za zamani. Kwa miongo kadhaa ilisemwa kwamba mfupa ukipinda na kupasuka kwa nyufa za mviringo, basi uliungua ukiwa na nyama. Mwaka 2011 watafiti wa Ureno walionyesha kwamba mifupa mikavu ya makaburini nayo ikichomwa huweza kupinda na kupasuka vivyo hivyo.

Mfupa wa kuku na siki

Haya yote yanatokana na jambo moja ambalo mzazi anaweza kulionyesha jikoni. Mfupa umejengwa kwa vitu viwili vikuu. Theluthi mbili hivi ya uzito wake ni madini, hasa ya kalsiamu na fosfeti, ambayo huupa ugumu. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni protini iitwayo kolajeni, inayofanya kazi kama nyuzi za kamba na kuuzuia usikatike ovyo.

Chukua mfupa wa paja la kuku, uoshe, uloweke kwenye siki siku tano au zaidi, ukibadilisha siki. Siki itayeyusha madini na kuacha kolajeni, na mtoto wako ataweza kuukunja kama mpira. Moto hufanya kinyume chake: hula kolajeni na kuacha madini. Ndiyo maana mfupa uliodondokea kwenye jiko la mkaa jana, asubuhi unaukuta mweupe, wenye umbo lake kamili, lakini ukiubonyeza kwa vidole unasagika.

Mtoto aliyekosa vitamini D ana mifupa inayoelekea kule kwenye siki: madini hayaingii vya kutosha, mifupa inalegea, miguu inapinda. Hayo ndiyo matege. Ni kawaida mtoto anayeanza kutembea kuwa na upinde kidogo wa miguu. Lakini ukizidi baada ya miaka miwili, au ukiwa mguu mmoja tu, mpeleke kituo cha afya. Jua, maziwa na dagaa wanaoliwa pamoja na mifupa yao vinasaidia. Kolajeni nayo huhitaji vitamini C, ambayo ipo kwenye mapera, machungwa na ubuyu.

Maumivu ambayo wafiwa hawastahili

Kila panapotokea moto, maneno hutangulia uchunguzi. Mwili unakutwa umekunja mikono na ngumi, watu wanasema marehemu alikuwa akipigana, au aliteseka mpaka mwisho. Ukweli ni kwamba joto hukaza misuli, na ile inayokunja viungo ina nguvu kuliko inayovinyoosha. Hata mtu aliyefariki kabla moto haujawaka hukunjika hivyo hivyo. Mkao huo hausemi lolote kuhusu dakika zake za mwisho.

Fuvu likikutwa limevunjika, mtaa unasema alipigwa nyundo kwanza. Wengine, hata wataalamu wa zamani, walidai kichwa hulipuka kwa mvuke. Mwaka 2004 Elayne Pope na mwenzake, Marekani, walilijaribu dai hilo kwa miili iliyotolewa kwa ajili ya sayansi, na hawakuona fuvu likilipuka. Lilipata nyufa na kubanduka, lakini vipande vipande hutokea zaidi linapoangukiwa na paa, linapopigwa na maji ya zimamoto au linapookotwa bila uangalifu. Nyufa za moto na nyufa za kipigo hutofautiana, na kazi yetu ni kuzitenganisha kabla hajashukiwa mtu asiye na hatia.

Lipo pia lile la mtu "kuwaka mwenyewe", chumba kikabaki kizima. Hapa watu hutafuta mganga, nami nawaomba watafute kibatari. Mwaka 1998, katika kipindi cha televisheni ya BBC, mtaalamu wa moto John DeHaan alimfunga nguruwe aliyekufa kwenye blanketi na kuliwasha. Mafuta yaliyeyuka, blanketi likayanyonya kama utambi, na moto mdogo ukala mwili kwa saa kadhaa bila kuiteketeza nyumba. Kinachohitajika ni cheche, kitambaa na mafuta ya mwili.

Wafiwa huuliza swali moja kwa sauti ya chini: alisikia maumivu? Daktari wa patholojia huangalia masizi kwenye njia ya hewa na kiasi cha hewa ya kaboni monoksaidi kwenye damu. Katika moto wa nyumba wengi huuawa na moshi, na mara nyingi fahamu hupotea kabla miali haijafika. Hewa hiyo hiyo ndiyo hutoka kwenye jiko la mkaa. Haina harufu, na ukilala nalo chumba kimefungwa hutapata nafasi ya kulilaumu.

Jina linavyorudi

Septemba 2024 bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri nchini Kenya, liliungua na wavulana 21 wakapoteza maisha. Wazazi walitoa sampuli za DNA ili kila mtoto atambuliwe. Kwa mzazi anayetaka kuzika, siku hizo za kusubiri ni mateso, na hasa kwa wale ambao dini yao inahimiza maziko ya haraka. Lakini kosa moja la utambuzi hujeruhi familia mbili: moja inazika mtoto asiye wake, nyingine haizikii chochote.

DNA hupatikana kwenye mfupa wa kahawia, mara nyingi hata kwenye mweusi, lakini kwenye mweupe ni nadra. Nusu ya vinasaba vya mtoto hutoka kwa baba na nusu kwa mama, ndiyo maana pamba inayopitishwa ndani ya shavu la mzazi inatosha kuanzia. Mswaki wa marehemu nao una thamani kubwa.

Mfupa ukiwa mweupe, tunarudi kwenye meno na vyuma. Sehemu ya nje ya jino hupasuka kwa joto, lakini mizizi iliyomo taya mara nyingi hubaki. Kwa watoto, meno ambayo hayajaota hukingwa na taya na hutuonyesha umri. Vyuma vinavyowekwa mfupa ukivunjika hustahimili moto, na nyonga za bandia mara nyingi huwa na namba za kiwandani. Ajali za bodaboda zimewaachia vijana wetu wengi vyuma miguuni, na kila chuma kina picha ya eksirei iliyopigwa siku ya upasuaji. Hata eksirei ya zamani ya paji la uso yaweza kumtambulisha mtu, maana vyumba vya hewa vilivyo juu ya nyusi hutofautiana kati ya mtu na mtu.

Tatizo ni kwamba picha hizo nyingi zimeishia kuzibia dirisha, au kutazamia jua likipatwa, jambo ambalo ni hatari kwa macho.

Fanya haya

Hifadhi picha za eksirei, kadi ya meno na karatasi ya upasuaji mahali pamoja, kisha zipige picha kwa simu na umtumie ndugu anayeishi nyumba nyingine. Karatasi iliyoungua pamoja na mwenyewe haisaidii mtu.

Ukiwekewa chuma au kiungo bandia, omba uandikiwe aina yake, namba yake na tarehe.

Msiba wa moto ukitokea, usiokote wala kufagia mabaki. Mfupa mweupe hubomoka kwa kushikwa tu. Waachie wenye kazi hiyo, na usiuoshe wala kuutupa mswaki wa marehemu.

Wazazi wenye watoto wa bweni, siku ya kutembelea shule kagueni kama mlango hufunguka kutoka ndani, kama madirisha yana nondo, na kama kuna njia ya pili ya kutokea.

Na kwa aliye hai, aliyeungua sasa hivi: mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, vua pete na nguo zisizogandia ngozi, funika kwa kitambaa safi, wahi hospitali. Dawa ya meno, yai, mafuta na unga viache jikoni.